Kibuyu Nyuma ya Mlango

Kibuyu cha Tabea kilining'inia peke yake nyuma ya mlango, na ole wake mtu aliyekigusa! Tangu kikohozi kimwandame alikuwa ametenga kibuyu, sahani na kigoda. Hata arusini, alipokaribishwa pombe ya ndizi, alichomoa kibuyu chake kwapani, watu wakamcheka wee mpaka wakachoka. Na wacheke. Nyumba ilikuwa imefurika tangu Waingereza walipowafukuza Wameru kule Engare Nanyuki na mwanawe akarudi na mke na mtoto. Mwenye kifua angeachaje kujitenga?

Basi alipoketi mbele ya Sadoki, mganga msaidizi wa hospitali ya Nkoaranga, alitarajia kusifiwa.

"Shikamoo mama. Makohozi yako tumeyapima. Ni kifua kikuu."

"Marahaba. Nilijua. Lakini kibuyu changu hakiguswi na mtu."

"Ugonjwa huu haupiti kwenye kibuyu, mama. Ukikohoa, hata ukiimba, vijidudu hutoka na pumzi vikaelea ndani ya nyumba. Anayeivuta hewa hiyo huviingiza mapafuni. Vinaweza kulala humo kimya miaka mingi, halafu viamke vianze kula. Kwa mtoto mdogo havikawii." Sadoki akamtazama. "Unalala na nani?"

"Na Anande, mjukuu wangu," Tabea akajibu. Walilala pua kwa pua, dirisha likiwa limezibwa kwa magunia ili kuzuia baridi ya mlimani. Kila jioni alimwimbia mpaka usingizi umchukue.

"Sindano zipo," Sadoki akasema kwa upole. "Utalazwa. Na mtoto tumpime."

"Namfuata sasa hivi."

Alipanda njia ya migombani mbiombio, miguu haitulii, moyo hautulii. Mjinga mkubwa mimi! Nimelinda kibuyu, mtoto nimemwacha wazi! Je, Anande alikohoa juzi, au alipaliwa na uji tu? Hakukumbuka. Akaongeza mwendo hadi kifua kikambana, akaegemea mgomba na kukohoa, uso ameuelekeza bondeni kusiko na mtu.

Uani, mkwewe Eunike alikuwa akianika kahawa. Anande alipomwona bibi yake alitimua mbio kumlaki, mikono juu.

"Simama hapo hapo!"

Mtoto akasimama. Bibi hakuwahi kumfokea. Midomo ikaanza kumtetemeka.

"Mama, kuna nini?" Eunike akauliza.

"Mbebe, tushuke hospitali. Mimi natangulia, msinikaribie." Kisha akaongeza, kwa sauti iliyokauka, "Na yale magunia ya dirishani, ukirudi yatoe yote."

Wakashuka, Tabea mbele, wenzake mbali nyuma. Anande alilia njia nzima.

"Bibi, niimbie!"

Wimbo ulimfika Tabea kooni. Akajiziba mdomo kwa kanga, machozi yakimtoka, akazidi kwenda. Mtoto alipoona haimbiwi, akauanza mwenyewe, kwa kwikwi, maneno akiyakosea. Katikati ya ubeti wa pili akakohoa.

Tabea akasimama pale pale njiani, bila kugeuka, akitega sikio kama atakohoa tena.