Mkia wa Harusi

Aryemo alikuwa muuza majina. Katika ofisi moja ya Nakawa, Kampala, aliwaeleza wateja kwamba siku hizi anwani ya tovuti si lazima iishie kwa nukta com ya kila mtu; mkia wake waweza kutaja kazi yenyewe. Wauza samaki wa Ggaba aliwapa nukta fish, wasusi nukta salon. "Mtu akisoma jina tu, anajua wewe ni nani," aliwaambia, na mwenyewe aliamini.

Ndiyo maana mchumba wake Oyet alipomvisha pete, Aryemo alisajili aryemo-oyet.wedding, mkia wa harusi, siku ile ile. Kosa la mtu wa kazi yake! Seremala naye akipenda huchonga kitanda kabla hajajua kama mwenzake anakoroma.

Mkoromo ulikuja baadaye. Oyet, afande wa watu, alimwambia kwa upole kabisa kwamba harusi ikiisha ataacha kazi, aende Gulu, mbali kaskazini, kumtunza mama mkwe, yeye Oyet abaki Kampala. Hakuuliza. Alitoa amri, akaendelea kula.

Aryemo akataka kujitoa. Lakini Kampala harusi si ya wawili. Kuna mikutano, ambako ndugu, majirani na wafanyakazi wenzako hukaa wakatoa ahadi: huyu hema, yule mbuzi, wale kwaya. Anayechelewa au kusema ovyo hupigwa faini ya jogoo, watu wacheke. Ahadi zote ziliwekwa kwenye tovuti ile, na kila alipoifungua aifute alikuta mtu mwingine ameahidi. Alipomweleza mama yake, alijibiwa: "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Usiku huo alilia mpaka mto ukalowa.

Mkutano wa mwisho ulikuwa Jumapili mchana, Mbuya, nyumbani kwa mjomba Odyek, askari mstaafu na mwenyekiti wa kamati. Mapazia yalifungwa, tovuti ikamulikwa ukutani kwa projekta. Aryemo alibanwa kochini kati ya mama yake na shangazi, hata pa kupitisha kiwiko hapakuwepo. Ila simu alikuwa nayo, na neno la siri la tovuti alilijua yeye peke yake. Akaifuta.

Ukuta ukawa mweupe.

"Netiwaka imepotea," mjomba akasema. "Ngojeni kidogo."

Aryemo akasimama. "Si netiwaka, mjomba. Ni mimi nimeifuta. Sitaki kuolewa."

Mjomba akapiga meza. "Bibi arusi anatucheza! Faini! Jogoo moja!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Aryemo akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akaongezewa jogoo wa pili. Akamtazama mama yake, na mama akatazama mikono yake mwenyewe. Hapo ndipo hofu ilipomwingia kweli.

Oyet peke yake hakucheka. Alikwenda akachomoa waya wa projekta kwenye kompyuta, akauchomeka kwenye simu yake. Ukutani ikatokea anwani nyingine: oyet.family, mkia wa familia. Chini yake palionekana ua wa nyumba ya mama yake kule Gulu, na katikati ya ua picha ya Aryemo, akitabasamu vile alivyotabasamu siku ya pete. Pembeni pameandikwa: Mke. Shangazi akapiga vigelegele, watu wakapiga makofi.

Oyet akapita karibu naye, akainama sikioni.

"Wewe ndiye ulinifundisha hii maneno," akanong'ona. "Lakini hii moja, neno ya siri niko nayo mimi."

Aryemo alibaki amesimama mbele ya mwanga wa projekta. Kila neno alilolifikiria lingetozwa jogoo. Mama yake akamvuta gauni taratibu.

"Kaa chini, mwanangu," akasema. "Unaziba picha yako."