Nukta Zilizosusa

Chadia alikuwa na nukta kumi na moja zilizomkosesha usingizi, na alikuwa ameshazifuta.

Nukta zenyewe hazikuwa zake. Zilipimwa mbali huko, katika maabara ambamo protoni hurushwa kwa nguvu ikagonge kiini kidogo chenye chembe mbili tu. Kiini kinapasuka, chembe tatu zinatawanyika, na watu wanahesabu ngapi zimekwenda upande gani. Kazi ya Chadia, pale chuoni Kasongo, ilikuwa kupiga hesabu za nadharia, kuchora mstari, kisha kutazama kama nukta zitakaa juu yake. Nyingi zilikaa. Kumi na moja zilisusa, zikabaki zinaelea juu.

"Utaniambia ni juu ya nini," Profesa François, msimamizi wake, alimwambia, "ao utatetea memwari yako ya kumaliza chuo mwaka kesho."

Mwaka mzima tena wa kuulizwa na ukoo kama anasoma au anazeeka! Ndipo Chadia, mtu wa sala tano kabisa, akachora mchoro mwingine usio na zile kumi na moja. Ulipendeza mno. Akauficha kwenye begi, akapanda pikipiki kwenda Wamaza kwenye harusi ya binamu yake, moyo ukimsuta njia nzima.

Mama Mado, mdogo wa mama yake, hakumpa hata nafasi ya kukung'uta vumbi. Kulikuwa na sombe, majani ya muhogo, ya watu mia mbili ya kutwanga, kinu kimoja, michi mitatu. Chadia akatwanga na Mado, wakaenda sawa. Mado akampisha jirani yao Véronique, wakaenda sawa pia. Basi msomi wetu akajiambia: huyu namjua, yule namjua, wakija wote sitashindwa.

Wakaja wote. Pigo la nne tu, mchi wake ukagongana na wa Véronique, sombe ikaruka ikatua kwenye kanzu ya Mzee Sumaili, baba wa bwana harusi, aliyekuja kusalimia. Véronique alicheka mpaka akakaa chini.

"Unatwanga na mimi, kisha unatwanga na Véronique," Mado akasema, akiokota majani. "Tukiwa watatu haiko vile. Mimi na yeye tunabadilisha pigo letu juu wewe uko hapa. Wawili wawili haitoshi, mutoto wangu."

Chadia akabaki ameshika mchi hewani. Wawili wawili: ndivyo alivyopiga hesabu zake zote. Kitabu chake cha fizikia kilitaja nguvu nyingine, ile inayozuka chembe zote tatu zikiwa karibu, na yeye aliiruka makusudi, kwa kuwa hesabu yake ni ndefu na sola ya nyumbani huzimika kabla kompyuta haijamaliza. Kumbe nukta hazikuwa na kosa. Aliona haya, na alifurahi, vyote kwa pamoja.

Aliporudi Kasongo akambembeleza Asani, mwenye kibanda cha kuchaji simu sokoni, amwachie paneli zake zote siku mbili. Wateja wakanung'unika, Asani akawaambia kuna mashine inatwanga atomu humo ndani. Siku ya pili mstari ukapanda, ukapita katikati ya nukta tisa. Mbili zikabaki juu vilevile.

Angeweza kufuta mbili tu, na nani angejua? Akauchana ule mchoro wa kwenye begi, akapeleka huu.

Profesa François aliutazama sana, kisha akaweka kidole juu ya zile mbili.

"Na hizi?"

"Hizi sijui, Profesa."

Profesa akavuta droo, akatoa mchoro wake mwenyewe, karatasi imeshageuka manjano. Nukta zilezile mbili zilikuwa juu ya mstari, zimezungushiwa wino mwekundu.

"Miaka sita ninaziangalia," akasema. "Mimi pia sijui. Utatetea mwezi ujao."

Chadia akaukumbuka ule mchoro mzuri aliouchana, akajua kuwa Profesa angezitafuta hizo mbili kabla ya kitu kingine. Ukurasa wa shukrani wa memwari yake unaanza na Mama Mado wa Wamaza. Profesa ni wa pili, na hajalalamika.