Choo cha Metre Mbili kwa Tatu

Plani ya Musonda, muchoraji wa nyumba, ilikuwa nzuri kwa macho, sikatai. Aliileta ndani ya telefoni kutoka Ndola, akaifungua mbele yetu nyuma ya gesti ya Ba Thelma, huku Ba ni heshima kwa muke na kwa mume, hapa Nchelenge, pembeni ya ile pisini mupya ambayo muji muzima ulikuwa unakuja kuchungulia. Choo na bafu pamoja, chumba kimoja, metre mbili kwa tatu. Karo nyeupe chini, vile vigae vya kung'aa, karo nyeupe ukutani, na mulango mumoja wa vioo wenye kutazama maji uso kwa uso.

"Mutu akitoka kuogelea anaingia moja kwa moja," Musonda akasema.

Mi nilikuwa nimesimama na koleo mukononi, kwa sababu wakati ule nilikuwa bado muke wa kukoroga sima ya kujengea. Naitwa Delphine Mulumba, muzaliwa wa Kilwa, si ile ya baharini, ni hii ya ng'ambo ya ziwa. Miaka kenda nilikoroga sima ya fundi Ambroise huku Zambia. Kupima najua, kupanga matofali najua, lakini mwiko alikuwa ananipa tu saa ile yeye anaenda kula. Tena mi nina mudomo. Mama yangu alisema mudomo huu utanikosesha bwana, na kweli, umenikosesha babili.

"Hakuna mama atakayeingia choo hicho," nikasema.

Musonda akacheka. Ambroise akanikanyaga muguu. Lakini Ba Thelma akafunga muavuli wake wa jua, akanigeukia. Yeye ni muke wa biashara, hapendi kusikia kwamba kitu chake hakitatumika.

"Eleza."

"Ba Lackson bwana wako ataketi wapi na bageni wake? Si hapa hapa, karibu na maji? Sasa mama yako akitoka Chienge kuja kutazama pisini, apite mbele ya mukwe wake, afungue mulango wa vioo, aingie chooni? Mama ambaye hajawahi kutafuna hata muhogo mbele ya Ba Lackson?"

Mambo haya hayana haja ya kufundishana. Huku, pande zote mbili za ziwa, mama mukwe na bwana wa binti yake banaheshimiana kwa mbali. Bakikutana njiani, mumoja anaingia majanini. Kula mbele yake ni haya. Sasa choo? Bora apasuke.

"Hayo ni mambo ya zamani," Musonda akasema.

"We mama mukwe wako anaoga wapi ukienda kumusalimia?" nikamuuliza.

Akafunga telefoni.

Ba Thelma akahesabu siku kwa vidole. Kanisa lao lilikuwa limechoka kubatiza ziwani, na bashemasi babili bamesimama na fimbo kuchunga mamba. Lilikuwa limeomba pisini yake kwa ubatizo wa kwanza, na mama yake, Bamayo Ennie, alikuwa amealikwa kuja kuomba baraka. Zilibaki juma tatu.

"Delphine, kijenge we," akasema. "Siku ya ubatizo bamama bakikitumia, vyumba nane vya gesti nitakupa ujenge, na utakuwa fundi mukubwa wa kazi hiyo. Lakini nikipata haya mbele ya mama yangu, rudi kwa koleo lako, na huo mudomo usiufungue tena hapa kwangu."

Ambroise alicheka mpaka akaketi juu ya tofali. Mi sikucheka. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na hakuna mutu aliyekuwa ameniambia hata mara moja: jenga we.

Nilijenga, mwenzangu. Ile metre mbili kwa tatu nilikata katikati: huku banaume, huku banawake, kila upande metre moja na nusu. Mulango wa banaume niliuweka mwisho wa kushoto, wa banawake mwisho wa kulia, na mbele ya kila mulango kaukuta kafupi ka kuficha anayeingia. Karo nilikataa. Karo na miguu yenye maji ni kuvunja batu viuno. Nilimimina sakafu ya sima, nikaipitishia ufagio ikiwa bado mubichi ili ikwaruze nyayo, na nikaipa mutelemuko wa vidole vibili kwa kila metre, maji yasituame. Juu niliacha matofali yenye matundu, harufu itoke. Dushi niliitoa nje, mutu aoshe miguu kabla ya kuingia. Ndani niliweka misumari mirefu ya nguo, kabati kadogo ka nguo kavu, na chuma cha kushika ukutani, karibu na bakuli la choo, kwa sababu bazee banakuja na magoti yao. Shimo la choo nilichimba mbali na kisima, upande ambao maji ya mvua yanakimbilia.

Kwa kuokoa matofali, nilikiegemeza choo chote kwenye ukuta ambao unagawanya pisini na uwanja wa jikoni. Ukuta ule tuliujenga wenyewe na Ambroise mwaka uliopita. Hivyo pande tatu tu ndizo nilijenga. Nilijiona mwenye akili sana.

Siku ya ubatizo batu balijaa kabla ya saa mbili. Banaume bakaketi pembeni ya maji kwa viti vya plastiki, Ba Lackson katikati. Bamama, kama kawaida, bakaenda uwanja wa jikoni, nyuma ya ukuta, na mitungi ya munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi. Bamayo Ennie alikuwa kati yao, juu ya kiti, na goti lake baya limenyooshwa mbele.

Pasta akawatia kumi na moja majini. Bavijana bakaingia choo changu, bakatoka. Banaume bakaingia, bakatoka. Shemasi mumoja akaniambia sakafu yangu haitelezi. Mi nikavimba kifua, nikazunguka na shati jipya nikingojea sifa zingine.

Saa sita nilienda jikoni kutafuta samaki wangu. Njo pale nikaona mambo. Bamama bane banatoka kwa kamulango ka nyuma, ka kutupia taka, banavuka njia, banaingia kwa muzee Chewe, jirani, ambaye choo chake ni cha majani na kimeinama upande. Halafu bengine batatu. Nikamushika mukono Febby, mwimbaji wa kwaya.

"Mama Febby, munaenda kwa Chewe kufanya nini? Choo si kiko hapa?"

"Choo ni kizuri, ndugu yangu. Mi nilikiona asubuhi, kabla banaume hawajafika. Lakini tutakifikia namna gani? Ni lazima tuzunguke ukuta, tupite mbele ya vile viti vyote. Bwana wa binti yangu eko kiti cha pili. Wa mama huyu eko kiti cha tano."

Nilisimama pale na sahani mukononi. Nilificha mulango, sikuficha njia. Mi mwenyewe, niliyemucheka Musonda na vioo vyake, nilifanya kosa lake lile lile, nikaongeza tu matofali.

Ba Thelma akaja mbio kutoka ndani ya nyumba. Uso wake ulikuwa mubaya.

"Mama yangu anasema anataka kurudi Chienge sasa hivi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hajakula. Munkoyo hajagusa tangu asubuhi. Sababu hasemi, lakini mi ni binti yake, najua. Kwa Chewe hawezi kufika na goti lile. Delphine, umenitia haya."

Nikamutazama Bamayo Ennie. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya mapaja, midomo imefungwa, anaitikia nyimbo kwa kichwa tu. Masaa manne na zaidi. Nilisikia huruma. Na nilisikia hasira, si kwa mutu mwingine, kwa mimi.

Nikautazama ukuta. Nyuma ya ukuta ule, hatua sita kutoka kiti chake, kilikuwa choo cha banawake. Nikaweka sahani chini.

Nyundo na patasi yangu vilikuwa ndani ya stoo. Niliporudi navyo, nikapima kwa mikono kutoka pembeni: hapa mabomba, yapo upande wa kati, hapa bakuli, hapa hakuna kitu, ukuta mutupu. Nikaweka patasi kwenye tofali la juu, chini tu ya mukanda wa zege.

"We Delphine," Ba Thelma akasema, "unataka kuufanya nini ukuta wangu?"

"Nataka kukupa mulango."

"Leo? Na bageni banakula?"

"Mama yako atangoja kesho?"

Nikapiga.

Ambroise akasikia, akaja amekimbia na mufupa wa kuku mukononi. "Utauangusha," akasema. "Utauangushia bamama kichwani."

"Hapo juu kuna nini, fundi?"

Akatazama juu. Kuna mukanda wa zege unaozunguka ukuta wote, na chuma nne ndani. Ukuta unaweza kutobolewa chini yake na wenyewe usitikisike. Yeye mwaka ule alitaka tuuache juu ya bei ya chuma, mi nikabishana naye siku mbili, na nilikoroga zege lake kwa mikono hii.

"Kuna mukanda," akakubali.

"Basi shika matofali, usiyaache yaanguke."

Akatupa mufupa. Sijui hata leo kwa nini alitii. Labda ni mazoea ya fundi akiona kazi. Mi nikatoa tofali, yeye akapokea, akaweka chini taratibu. Moja, moja, kutoka juu kushuka. Lakini nyundo ni nyundo, na banaume upande wa pili balianza kuuliza ni kelele gani. Njo Febby akasimama, akaanzisha wimbo, na kwaya nzima ikamushika, na bamama bote bakapiga makofi sawa na nyundo yangu. Pasta, ng'ambo ya ukuta, akaona Roho ameshuka jikoni, akaanza kuitikia kwa nguvu. Nilitaka kucheka lakini mudomo ulikuwa umejaa vumbi.

Chini ya saa moja shimo lilikuwa limefika mpaka sakafuni, upana wa mama munene mumoja na kikapu. Nikaingia ndani, nikaufunga ule mulango wa kulia kwa misumari, asije mwanaume yeyote kufungua. Nikafagia, nikamwaga maji ndoo mbili, na vumbi lote likafuata mutelemuko likaingia kwenye tundu, kama nilivyolipangia. Ba Thelma akafungua kitenge chake cha juu, kipya, na tukakifunga mlangoni kwa pazia.

Halafu nikaenda mbele ya Bamayo Ennie, nikapiga magoti na kupiga makofi kidogo kidogo, vile banafanya huku kwa kuheshimu muzee, na nikamuambia kwa Kibemba changu kibovu kwamba maji ya kunawa yako tayari.

Alinitazama. Akatazama shimo. Akaegemea bega langu, akasimama. Hatua sita. Hakuna kiti cha mukwe yeyote, hakuna njia ya kuzunguka. Akainua pazia, akaingia peke yake.

Alikaa. Kwaya ikamaliza wimbo, ikaanza mwingine. Tulisikia maji yakimwagika, halafu kimya, halafu maji tena. Ba Thelma alikuwa ananishika mukono kwa nguvu, kucha zikaniingia, na mi sikuutoa.

Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mutu mwingine. Aliketi, akaomba kikombe cha munkoyo, akakimaliza, akanyoosha mukono kwa kingine. Hapo bamama bakaelewa kwamba hataki kurudi Chienge. Bakajipanga mustari mbele ya kitenge, ishirini na kitu, banasukumana, banachekana. Kwa muzee Chewe hakuenda mutu tena.

"Nani amejenga hapa?" Bamayo Ennie akauliza.

Ba Thelma akasimama mbele ya bamama bote. "Ni huyu," akasema. "Fundi wangu, Delphine. Na vyumba nane vya gesti atajenga yeye."

Nililia. Sisemi uongo, nililia pale pale na vumbi usoni, machozi yakafanya matope, na bamama bakanicheka, nami nikacheka nao nikiendelea kulia. Miaka kenda ya koleo ilinitoka siku ile. Bamayo Ennie akaniuliza kama nitaweza kufika Chienge, anataka chuma cha kushika kama kile kwake, na mulango upande wa jikoni. Nikamuambia nitafika, lakini kwanza gesti.

Mi nikaketi juu ya rundo la matofali yangu, nikaletewa samaki mupya, wa moto, mukubwa. Ambroise alikuwa bado amesimama karibu na shimo, anapitisha kidole kwenye kingo nilizokata, anatafuta mahali nilipopindisha. Alitafuta sana. Halafu akafuta mikono kwenye suruali, akaja mbele yangu, akatazama chini.

"Jumatatu tunaanza saa ngapi?" akauliza.

Nilimaliza kwanza kutafuna. "Saa kumi na mbili na nusu," nikasema. "Usichelewe."