Kuku Aliyelalia Viazi

Kuku alitaga yai, akageuka, akalitazama kama mtu aliyeokota kitu cha jirani, kisha akaondoka zake kwenda kuchakura jalalani. Tulikuwa wanawake tisa jikoni kwa mama Scholastica, kule Natta, na sote tulilitazama yai lile mpaka likapoa.

"Umeona mwenyewe," akasema mama Scholastica, mwenyekiti wa kikundi chao cha wafugaji. "Hilo ni la kumi na nne. Kutaga anataga kweli. Kulalia hataki."

Niliona. Lakini nilikuwa nimekuja na majibu yangu, nimeyapanga juu ya bodaboda tangu Mugumu. Nikawaambia kiota kiko karibu mno na moto. Nikawaambia watoto wanapitapita. Nikawaambia kuku asiyeshiba hawezi kukaa siku ishirini na moja juu ya mayai, kwamba mimi nina stashahada ya mifugo, na kwamba kuku hawa nimewazalisha kwa mkono wangu miaka sita.

"Mama Ghati," akasema Esta, mdogo kuliko wote pale, "kwa hiyo kuku wote arobaini uliotuletea wamebahatika kupata nyumba zenye watoto?"

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Kule mwanamke hanunui tetea kwa ajili ya mayai tu. Anampeleka kwa mwenzake amtunzie; kuku akiangua, wanagawana vifaranga nusu kwa nusu, na mwenzake naye anapeleka tetea nyumba nyingine. Kuku mmoja mzuri huingia nyumba tatu kwa mwaka, na nyumba hizo huanza kuitana ndugu. Kwa hiyo kuku asiyelalia hakuwa hasara tu, alikuwa ugomvi. Wawili kati ya wanawake wale walikuwa wamekaa wamepeana mgongo, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ameyakaanga mayai akasingizia kuku.

"Jumamosi ya wiki ijayo tunakaa," mama Scholastica akaniambia akinisindikiza. "Tutaamua kama tunachukua wale mia tatu wa awamu ya pili, au tunaacha. Sikufichi, mwanangu. Wengi wanataka tuache."

Kuku mia tatu walikuwa bandani kwangu, wameshakua, wanakula mchana kutwa. Natta wangewakataa, habari ingefika Ikoma kabla mimi sijafika Mugumu, na hakuna kijiji ambacho kingenunua tena kwangu. Ningeuza mashine ya kuangulia na kufunga banda. Nilipanda bodaboda nikijiambia kwamba wale wanawake ni wabishi, na kwamba kosa langu lilikuwa kutowapa semina ya kutosha.

Karibu na bwawa la Manchira, ng'ombe wanaotoka kunywa maji walitufungia njia. Tukasimama mbele ya nyumba moja. Uwanjani palikuwa na kuku mwekundu na vifaranga kumi na mmoja, anawaongoza kama mwalimu wa zamu, na mguuni amevaa pete nyekundu ya plastiki.

Nikashuka. Pete zile naziagiza mimi, na nyekundu huvishwa kuku wangu aliyehukumiwa kwenda supu. Kwa kumbukumbu zangu, kuku yule alikuwa ameliwa tangu mwezi wa pili.

"Huyu umempata wapi, mama?" nikamuuliza mwanamke aliyekuwa akipepeta ulezi.

"Kwa Wegesa, sokoni Mugumu. Kuku wa Wegesa ni wazazi." Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwonya mgeni. "Ukitaka kuku nenda kwake. Usije ukapotea ukaenda kwa yule mwanamke wa mashine."

Nikamshukuru. Ng'ombe walipokwisha kupita nikapanda, nikamwambia dereva anipeleke moja kwa moja sokoni.

Wegesa ndiye anayepita kwangu kila Ijumaa na tenga; kukiwa na kuku wa kuondoa, anamchukua. Nilimkuta sokoni anapanga viazi vitamu mafungu.

"Wegesa, kuku ninaokupa unawapeleka wapi?"

Hakushtuka. "Leo ndiyo unauliza?"

"Nilikwambia ni wa supu."

"Uliniambia. Mimi sikuapa." Akaweka kiazi juu ya fungu, akasogea nyuma kulitazama. "Wa kwanza nilimla, Mama Ghati, sikudanganyi. Wa pili niliona uvivu kuchinja usiku ule, nikamfunika kwenye tenga lenye viazi. Asubuhi nafunua, amekunja miguu, ametandaza mbawa, amelalia viazi. Nampa mkono ananidonoa. Sasa kuku anayelea viazi vya watu, mimi nimchinje nipate wapi roho hiyo?"

Wauza mboga wa jirani wakaangua kicheko.

"Ungeniambia," nikasema.

"Nilikwambia. Mwaka juzi. Nikasema, mama, hawa unaowatupa ndio wazuri. Ukanijibu, 'Wegesa, hii ni biashara, siyo kituo cha kulelea watoto.'"

Hayo ni maneno yangu. Hata sauti aliigiza vizuri.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari la banda. Sheria yangu ilikuwa moja na nilijivunia kwa sababu ni rahisi: kuku anayelalia amegoma kazi. Wiki tatu hatagi, anajaza kiota, anakorofisha wenzake, na mimi nina mashine. Kwa hiyo kila Ijumaa aliyelalia alivishwa pete nyekundu akatoka, na mayai ya kuangua yalitoka kwa waliobaki. Mwaka wa kwanza nilitoa kuku tisa kwa mwezi. Mwaka wa tatu, wanne. Mwaka huu wote, pamoja na yule mwekundu wa Manchira, nilikuwa nimetoa wawili tu. Pembeni nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya kijani: *maendeleo*.

Mume wangu Nelson anafundisha baiolojia sekondari. Nilimwekea daftari juu ya madaftari ya wanafunzi aliyokuwa akisahihisha. Akasoma kurasa mbili, akavua miwani.

"Unakumbuka kupe?" akauliza.

Nakumbuka. Chuoni nililetewa swali la nadharia ya mageuzi: kwa nini dawa ya josho iliyoua kupe miaka kumi iliyopita leo haiwaui? Niliandika kurasa tatu. Dawa haiwafundishi kupe kitu. Inaua wanaokufa, inaacha wachache wasiokufa, na hao ndio wanaozaa. Rudia hivyo vizazi kadhaa, na josho lenyewe limekutengenezea kupe wasioogopa josho. Nilipata alama za juu kuliko darasa zima. Nikaenda Tarime kufanya kazi, nikawasimamia wazee wenye ng'ombe mia mbili nikawaeleza jambo hilo huku nimeshika kiuno, na waliponiuliza kama ndiyo yale mambo ya binadamu na nyani, niliwajibu kwamba nazungumzia kupe, waniache na nyani.

Na muda wote huo sikuwahi kujiuliza josho kwangu ni nani.

"Ni mimi," nikamwambia Nelson.

"Sawa," akasema.

Neno hilo nilikuwa nimelisikia mara nyingi, lakini jioni ile lilinikwama. Mume huyu aliponioa alikuwa mbishi. Tulibishana juu ya rangi ya mlango hadi chakula kikapoa. Lini mara ya mwisho aliniambia hapana? Nikaanza kuhesabu wengine. Erasto, mhudumu wangu wa kwanza bandani, aliyesema tusitegemee mashine peke yake: aliondoka baada ya miezi minne, nikasema hana nidhamu. Aliyekuja baada yake huitikia kila kitu, na bado yupo. Wateja nao niliwauliza maoni kila mwaka, niliwauliza kweli, lakini niliwauliza waliorudi. Wenye hoteli za Mugumu wanaotaka mayai tu walisema kuku wangu hawana mfano. Walionikimbia wakaenda kwa Wegesa hawakurudi, kwa hiyo sikuwauliza, nikachukua kimya chao nikakihesabu kuwa wameridhika.

Miaka sita nilikuwa nawavisha watu pete nyekundu.

Mimi si mtu wa kulia juu ya daftari. Nilioga, nikala, nikafikiri. Njia nyepesi ilikuwepo: kumwomba Wegesa kuku kumi wanaolalia, kuwapeleka Natta, kuonyesha kwamba kuku wangu wanaweza. Wanawake wangekubali. Na mwakani wangekuwa na mia tatu wanaotaga na kuondoka, na nyumba hamsini zisizosalimiana. Asubuhi nilikwenda sokoni nikamwambia Wegesa nataka twende wote, siyo kubeba tenga, bali kuchagua.

"Kuchagua nini?"

"Kuku wazazi. Uliowauza unajua walipo. Tutaanza upya kutoka kwao, upande mmoja wa banda. Wanaotaga tu watakwenda kwa wenye hoteli, wanawahitaji. Wanaolalia watakwenda Natta."

Akafikiri huku anakung'uta udongo kwenye kiazi. "Nikisema huyu hapana, ni hapana. Usinitolee cheti."

"Sitakitoa."

"Na neno 'semina' sitaki kulisikia."

Jumamosi kikao kilikuwa kimejaa. Mama Scholastica alinipa nafasi ya kusema kwanza, nadhani ili yaishe haraka. Nilisimama.

"Shikamooni mama zangu. Kuku hawana kosa, na ninyi hamna kosa. Kila kuku aliyetaka kulea, mimi nilimwondoa. Miaka sita. Nikabaki na wale wasiotaka, nikawazalisha, nikawaletea ninyi, halafu nikaja hapa nikawaambia mnaweka kiota karibu na moto."

Esta akainua mkono. Alikuwa na swali.

"Kwa hiyo tulikuwa tunawalisha vizuri?"

"Mlikuwa mnawalisha vizuri."

"Rudia kidogo, mama Nashoni kule nyuma hakusikia."

"Nimesikia," akasema mama Nashoni, "lakini arudie tu."

Nikarudia. Wakapiga makofi, si ya kunisifu. Kisha wale wawili waliokuwa wamepeana mgongo wakatazamana, na mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Nilidhani umeyakaanga." Mwingine akajibu, "Ningeyakaanga ningekuita." Hapo nikajua kwamba hata kama sitauza kuku hata mmoja, safari haikuwa bure.

Nikaeleza mpango. Nikamtambulisha Wegesa, ambaye nusu ya wanawake pale walimjua kuliko walivyonijua mimi. Nikasema wale mia tatu wasichukuliwe, na kwamba kuku wazazi watakuwa tayari baada ya mwaka, siyo kabla, na wa kwanza watakuwa wachache.

"Mwaka ni mrefu," akasema mama Scholastica.

"Ni mrefu."

"Na ukikosea tena?"

Zamani ningejibu kwamba sitakosea. "Wegesa ataniambia," nikasema. "Na ninyi pia. Safari hii nitakuja kuwauliza ambao hawajarudi."

Wanawake wakanong'onezana. Mama Scholastica alitoka nje, akakaa kitambo, akarudi amekumbatia kuku wa kijivu, kuku wa kijijini kabisa, mwenye jicho kali. Akaniwekea mikononi.

"Huyu amekwisha kuangua mara nne. Mtunze. Akiangua, tutagawana."

Wanawake wakanitazama nilivyompokea. Nilizoea kuwashika kuku kwa miguu. Huyo nilimshika kwa mikono miwili.

Wiki tatu baadaye, Ijumaa, niliingia bandani na ndoo ya pumba. Kuku wa kijivu alikuwa kwenye kiota cha kona, amejitandaza juu ya mayai. Mkono wangu ukaenda wenyewe chini ya tumbo lake, kama ulivyokwenda kila Ijumaa kwa miaka sita. Akanidonoa, damu ikatoka. Nikaurudisha mkono, nikacheka peke yangu.

Nelson alikuwa mlangoni amebeba maji. Nikamwonyesha ukuta ninaotaka kuujenga kutenganisha banda pande mbili, kutoka hapa hadi kwenye nguzo.

"Unaonaje?"

"Sawa," akasema.

Nikasubiri. Sikuongeza neno, na kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kubeba matofali. Kuku waliendelea kuparuza. Nelson alitua ndoo, akautazama ukuta ambao bado haukuwepo, akanitazama mimi, akautazama tena.

"Hapana," akasema polepole, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. "Kwa kweli hapana, Mama Ghati. Kuna jambo hujaliona."

Nikageuza ndoo yangu ya pumba, nikakaa juu yake nimsikilize.