Wakili wa Povu

Kwa muda mrefu nyumbani kwangu ilikuwa marufuku kutaja kesi ya Povu. Aliyepiga marufuku ni binti yetu. Yeye alikuwa wakili wa mshtakiwa, mama yake alikuwa shahidi wa upande wa mashtaka, na mimi kinyozi wa watu nilikaa katikati yao mezani, kazi yangu kusogeza chumvi.

Povu ni kijana anayeosha magari mtaani kwetu. Alishtakiwa kwa kuiba cherehani dukani kwa jirani yetu, fundi wa nguo. Cherehani yenyewe haikupatikana. Ushahidi ulikuwa mke wangu, ambaye ni msusi. Alisema jioni ile, akiwa mlangoni pa saluni yake, alimwona Povu akitoka dukani na cherehani begani. Na mke wangu akishasema kitu, mtaani kwetu hakuna wa kubisha. Kilichobaki ni hakimu tu kumpeleka Povu jela. Mtaa ulikuwa umeshamfunga zamani.

"Mtoto anatetea mwizi, na mimi mama yake nilimwona kwa macho yangu!" mke wangu alinilalamikia chumbani. "Hata kuniuliza hataki!"

"Haruhusiwi kukufundisha la kusema."

"Nani kasema anifundishe? Aniulize tu!"

Siku ya kesi benchi zilijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Povu alikuwa kizimbani na shati la kuazima, mikono imeng'ang'ania mbao. Fundi wa nguo alitoa ushahidi wake, kisha akaitwa mke wangu. Binti yangu akainuka kwanza, akamweleza hakimu kwamba shahidi huyu ni mama yake mzazi, na kwamba mteja wake analijua hilo na bado anamtaka yeye amtetee. Hakimu akamwuliza mwendesha mashtaka kama ana pingamizi. Hakuwa nalo, akatabasamu. Nadhani alijiambia hakuna mtoto wa kumbana mama yake mbele za watu. Hamjui binti yangu.

Mke wangu alipanda kwa madaha, akaapa, akasimulia. Alisimulia vizuri mno. Fundi wa nguo alikuwa anaitikia kwa kichwa kila sentensi. Halafu ikawa zamu ya binti.

"Habari za asubuhi, shahidi."

"Si tumesalimiana nyumbani, mwanangu?"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akamkumbusha ajibu kama shahidi. Binti yangu hakucheka.

"Uliyemwona na cherehani, alikuwa anakuja upande wako au anakwenda zake?"

"Anakwenda."

"Kwa hiyo uliona mgongo."

"Mgongo, ndiyo. Lakini nilijua ni Povu."

"Kabla mtu yeyote hajakutajia jina la Povu, uliona uso wa nani?"

Mke wangu hajawahi kushindwa ubishi, iwe sokoni au kwa wakwe. Angesema "niliuona," nani angembishia? Fundi alikuwa amemkodolea macho, na majirani wote walikuwa nyuma ya fundi. Binti yangu alisimama wima, mikono mitupu, akimsubiri mama yake bila kumsaidia wala kumwonea.

"Fundi ndiye aliyesema ni Povu," mke wangu akajibu taratibu. "Alikuja saluni analia, akasema hakuna mwingine. Nikasema basi ndiye huyo niliyemwona." Akavuta pumzi. "Uso sikuuona, mheshimiwa wakili."

"Sina swali lingine."

Jamani! Nusura nipige vigelegele, mwanaume mzima na mvi zangu. Nilijivunia wote wawili mpaka kifua kikaniuma, huyu kwa kuuliza na yule kwa kujibu.

Shahidi mwingine wa kumtambua mwizi hakuwepo. Binti yangu akaiomba mahakama ione kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Hakimu akaingia chumbani kwake, akakaa huko kitambo, akarudi na kutamka kwamba Povu yuko huru.

Fundi akamgeukia mke wangu. "Mwanao kakuvua nguo mbele za watu."

"Kanizuia nisimfunge mtoto wa mwenzangu," mke wangu akasema. "Siku ukishtakiwa wewe, omba Mungu upate wa kukusimamia kama huyo."

Povu alikuwa bado kizimbani. Askari ameshamfungulia kijilango, lakini yeye kashikilia mbao, anaangaza huku na huku kama anayetafuta wa kumpa ruhusa. Mke wangu akapenya katikati ya watu mpaka mbele, akamshika mkono.

"Toka, baba," akamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Umeachiwa. Mwanangu kakutoa."