Damu Iliyopanda Ndege

Kifua kilipombana Mzee Swalehe shambani Mandawa, alikimbizwa hospitali ya Nachingwea, akatolewa damu. Daktari alieleza kwamba moyo ukiumia humwaga kwenye damu vitu viitwavyo vimeng'enya. Vikizidi sana, mgonjwa haponi. Mashine ya kuvipima ilikuwa Dar es Salaam, basi chupa ya damu ikafunikwa barafu, ikapanda ndege.

"Asiinuke kitandani," daktari akaonya. "Akihangaika tutampoteza."

Mzee akahangaika. Kwao hata kucha hufukiwa, sembuse damu! "Somoe, vidole vyangu vinaganda kwa hiyo barafu! Damu yangu inazurura mjini. Naifuata!" Na kweli akaanza kushuka kitandani.

Mkewe, Bi Somoe, akamvuta nesi Marselina pembeni. "Mwanangu, nitoe damu mimi, nimwambie ni yake."

"Bibi, hapa ni hospitali, si kwa mganga!"

"Haya, akifa utakuja kunisaidia kulia?"

Marselina akamtoa damu chupani. Somoe akampungia mumewe chupa: "Imerudi hii!" Akaifukia nje, chini ya dirisha la mumewe, mzee akisikia jembe. Alilala kama mtoto mchanga.

Majibu ya Dar yalipofika, daktari aliyasoma mara mbili, akamtazama mzee anavyokunywa uji. "Mwenye damu hii alitakiwa awe kaburini."

Wakarudi Mandawa. Swalehe sasa anakoroma mpaka kuku wanalalamika. Asiyelala ni Somoe. Viganja vyake ni baridi kama udongo, na akigusa kifua chake, kimya. Mapigo anayasikia chini ya mkeka, yakitokea upande wa Nachingwea.