Pini Mdomoni

Fundi alivaa gauni lake la kutokea, akafunga duka mchana kweupe, akaenda kujitazama ukutani. Marehemu binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa mchoraji, na picha yake ya mwisho ilikuwa ya mama yake akiwa kwenye cherehani. Leo ilikuwa inaonyeshwa watu.

Hakufuata sifa, hata kidogo. Alikuwa na neno moja lililomkaa kooni mwaka mzima: mwanangu alijua anaumwa vile, mbona asiniambie? Siku ya maziko dada yake mkubwa alimshika mkono akamwambia, "Mdogo wangu, mtoto alisema alikwambia." Lo! Fundi alimpandishia sauti mbele ya watu: muongo mkubwa wewe, mmefichana siri na mwanangu, toka nyumbani kwangu! Tangu siku hiyo hawajasemezana. Basi alikuja kuiuliza picha, maana mwenye picha hayupo wa kuulizwa.

Ukumbini watu kama kumi walikuwa wamemzunguka mwanamke mmoja wa miwani, mtoa maelezo. Hakuna aliyemtambua fundi. Pale ukutani alikuwa mkubwa kuliko mlango, na huku chini alikuwa mtu mfupi mwenye mkoba.

"Tazameni mdomo," alisema wa miwani. "Umejaa pini. Huyu ni mwanamke aliyenyamazishwa. Kila pini ni neno alilozuiwa kulisema."

Fundi nusura acheke. Aliyenyamazishwa! Akaulizwe mume wake wa zamani. Pini zinakaa mdomoni kwa sababu mikono ni miwili tu, basi. Watu wa nyumbani walishazoea: ukimsemesha fundi ana pini, utajibiwa "mm" na kazi itaendelea.

"Na hii rangi ya manjano iliyomwagika mapajani," aliendelea yule, "ni matumaini. Au pengine ni ugonjwa."

Ugonjwa gani, dada wee? Hayo ni magauni ya wasindikizaji wa bibi harusi mmoja msumbufu, aliyetaka saba kwa siku nne. Wiki ile fundi alikula akiwa amesimama. Akasogea karibu autazame mshono wake, na ndipo alipokiona kioo.

Kilikuwa kile kioo cha wateja, nyuma ya cherehani. Ndani yake mwanawe alikuwa amejichora mdogo, kama kidole gumba, amesimama mlangoni na blauzi yake ya bluu. Mkono mmoja ameuingiza kwapani, palepale madaktari walipokuja kumpasua baadaye. Na mdomo wake uko wazi, anasema.

Blauzi aliikumbuka, kwa kuwa siku ile aliona kifungo kimelegea, akawaza kukikaza. Mtoto alisimama pale muda mrefu, akaongea, akaongea, na cherehani ikinguruma, na mama mtu akiwaza kifungo na magauni saba. Akamjibu "mm." Mtoto akaja akambusu utosini, akaondoka. Mungu wangu, mama hakuwa amesikia hata neno moja.

"Picha inaitwa Mama Akinisikiliza," alisema wa miwani. "Bila shaka ni kejeli."

"Si kejeli!"

Watu wote waligeuka. Fundi mwenyewe alishtushwa na sauti yake.

"Huyo mtoto hakujua kejeli. Alikuwa mtu wa kusema moja kwa moja. Aliona namsikiliza. Tazameni macho aliyonichorea."

Macho yale yalikuwa yameinuka kutoka kwenye kitambaa, yametua kwenye kioo, yamejaa huruma. Yalikuwa macho ya mama aliyeambiwa, akaelewa.

Mtoa maelezo aliitazama picha, akamtazama yeye, akavua miwani. "Kumbe ni wewe, mama? Alikuwa anakwambia nini?"

Fundi alitoka nje akakaa kwenye ngazi na gauni lake la kutokea, akalia bila kujali nani anapita. Baada ya siku ile mwanawe alikuja dukani kila jioni kwa miezi miwili. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, anamtazama mama yake, anangoja aulizwe. Na yeye alimuuliza kama amekula.

Akatafuta simu mkobani, akampigia dada yake. Ilipokelewa, lakini upande wa pili hakuna aliyesema haloo. Alisikia pumzi tu.

"Dada," alisema, akafuta uso kwa pindo la gauni. "Dada, aliniambia."